Mlango wa Pembeni: Mahekalu ya Korea Yalivyojifunza Kupokea Wageni

Nilikuwa nimeshavua viatu, mguu wa kulia uko hewani kuelekea mlango wa katikati, nilipohisi mtu ananivuta mkono wa shati. Nikageuka. Alikuwa mama mtu mzima, wa rika la mama yangu mzazi, kavaa kizibao cha kijivu na mkononi kashika fagio la vijiti. Hakusema kitu. Alinivuta polepole hadi ubavuni mwa jengo, akanionyesha mlango mdogo, kisha akatangulia yeye ili nimwangalie: akavuka kizingiti bila kukikanyaga, akakutanisha viganja kifuani, akainamisha kichwa kidogo. Aliporidhika kwamba nimeona, akatoka tena nje, akachuchumaa, akaviokota viatu vyangu nilivyovitupa ovyo, akavipanga sambamba vikiwa vimetazama nje, tayari kwa mtu atakayetoka. Halafu akarudi kwenye kufagia kwake.

Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba katika mahekalu ya Wabudha wa Korea mlango wa katikati wa jumba kuu la ibada ni wa mkuu wa hekalu na watawa wakubwa. Sisi wengine wote, tajiri kwa maskini, hupita pembeni.

Mimi nimezaliwa Tanga. Kuvua viatu mlangoni si jambo la kunishangaza. Nimekua nikiviacha kwenye baraza la msikiti na kuomba Mungu nivikute. Lakini adabu ya milango sikuijua, na kama si yule mama ningeingia mzimamzima mahali nisipostahili. Nilimshukuru kimoyomoyo hasa kwa sababu nilikuwa nimewahi kukutana na kinyume chake. Katika nchi nyingine, miaka ya nyuma, niliwahi kufukuzwa langoni mwa jengo la ibada kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, kosa langu likiwa suruali iliyoishia chini kidogo ya goti. Hapakuwa na bango, hapakuwa na kanga ya kuazima, hapakuwa na mtu wa kuniambia mapema. Sheria yenyewe ilikuwa ya haki kabisa. Kilichoniuma ni kwamba niliijua kwa kuaibishwa.

Tangu siku hiyo swali hili limekuwa likinifuata kila niendapo: mahali patakatifu panampokeaje mtu asiye wa pale, aliyekuja kutazama tu, bila pahali penyewe kugeuka kuwa kivutio kingine cha kupigia picha? Nchi nyingi zenye mahekalu ya Wabudha zinahangaika nalo. Nimechagua kueleza ya Korea Kusini kwa sababu wenzetu hao wamelijaribu kwa namna nyingi, wamekosea hadharani, na wamerekebisha hadharani.

Kwanza ijulikane kwa nini mahekalu yao mengi yako milimani. Utulivu ni sababu moja tu. Wakati wa ufalme wa Joseon, uliodumu kuanzia 1392 hadi 1910, watawala walishika mafundisho ya Confucius na kuubana Ubudha. Mahekalu ya mijini yalifungwa, ardhi ikachukuliwa, na watawa wakapigwa marufuku kuingia mji mkuu, marufuku iliyoondolewa mwaka 1895. Hekalu lililobaki hai ni lile lililokuwa mbali, juu, ambako mtu anafika akiwa amechoka. Kwa karne kadhaa watawa wale waliishi wakiwa ndio wasiokaribishwa. Nadhani watu wenye kumbukumbu ya namna hiyo huwa na la kufundisha kuhusu ukaribisho.

Kisha likaja Kombe la Dunia la 2002, lililoandaliwa na Korea Kusini pamoja na Japani. Serikali ilipopiga hesabu ikaona vyumba vya hoteli havitatosha wageni. Ikayageukia mahekalu, kwani mahekalu yana vyumba vya mahujaji, yana majiko makubwa, na yametapakaa nchi nzima. Mahekalu 33 yakafungua milango, na mpango ukapewa jina Templestay. Mpira ukaisha, mashabiki wakarudi kwao, lakini mpango haukufa. Mwaka 2004 shirika kubwa la Wabudha nchini humo, Jogye, likaunda chombo maalumu cha kuusimamia, na leo mahekalu zaidi ya 130 yanalaza wageni. Yako ya katikati ya Seoul, kama Jogyesa, na Bongeunsa linalotazamana na majengo marefu ya Gangnam. Liko Golgulsa, karibu na mji wa kale wa Gyeongju, ambako wageni hufundishwa sunmudo, mazoezi ya viungo na pumzi ya watawa. Na yako ya milimani ambako basi hukuacha chini na ngazi za mawe zinakungoja.

Mahali nilipolala mimi palikuwa pa milimani. Ukifika unapewa kizibao na suruali pana ya kamba, sare moja kwa wote. Mwanzoni nilidhani ni mapambo ya kupigia picha. Baada ya saa moja nikaona kazi yake: daktari, mwanafunzi, na yule bwana aliyeshuka kwenye gari la thamani, wote tulifanana, na hakuna tena aliyehofia kwamba amevaa vibaya. Kumbe tatizo lililonifukuza kwenye lango la watu miaka ile hapa lilimalizwa kwa mita tatu za kitambaa.

Halafu mwongozaji akatutembeza. Alikuwa binti mwajiriwa wa hekalu, wala si mtawa. Alituonyesha jinsi ya kukutanisha viganja tunapopishana na mtawa, akatueleza kwamba mtawa huitwa *seunim*, awe mwanamume au mwanamke, huku mama wa jikoni akiitwa *bosalnim*, jina la heshima. Alituonyesha choo. Kwa Kikorea cha hekaluni choo kinaitwa *haeuso*, yaani mahali pa kutua wasiwasi, na choo cha zamani cha mbao cha hekalu la Seonamsa ni maarufu kiasi kwamba kinalindwa kama urithi wa utamaduni. Nimetembelea majumba mengi ya kale katika maisha yangu ambako mgeni huelezwa habari za wafalme kwa saa nzima na kisha huachwa ajitafutie maliwato mwenyewe. Hapa choo kilikuwa kituo cha pili cha ziara.

Saa kumi kasoro usiku nikasikia mlio. Tok, tok, tok, unakaribia, unapotea nyuma ya jengo, unarudi. Ni mtawa anayezunguka kiambo chote akigonga *moktak*, kigogo cha mviringo kilichochongwa kikawa na tumbo tupu, huku akiimba kwa sauti ya chini. Aliyekulia Pwani atakumbuka vijana wanaopita mitaani usiku wa Ramadhani na ngoma na madebe kuwaamsha watu wale daku. Ni kazi ileile, ila huyu anaanza kwa sauti ndogo sana na kuipandisha kidogo kidogo, ili viumbe wote, kama nilivyoelezwa, hata wadudu, waamke bila kushtuka. Kisha zikafuata ala nne za hekalu: ngoma kubwa, samaki wa mbao, bamba la chuma lenye umbo la wingu, na kengele. Kila moja ina viumbe wake inaowaita: wa nchi kavu, wa majini, wa angani, na walio kuzimu.

Hapa ndipo msomaji mwenye dini yake atakapouliza, na mimi niliuliza kabla yake: je, lazima nisujudu? Mimi ni Mwislamu, na sujudu yangu ina mwenyewe. Jambo hili lilinikosesha raha tangu kwenye ndege. Binti mwongozaji alilimaliza jioni ile ya kwanza kabla sijatafuta maneno ya kuuliza. Alituambia kwamba wageni wa hekalu ni wa dini zote na wasio na dini. Atakaye kusujudu atafundishwa, na asiyetaka ana mto wake nyuma, akae atakavyo, kimya tu. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetangaza saa ya chakula. Hakuna aliyenitazama.

Alfajiri ile wenzangu walisujudu mara 108, hesabu ambayo Wabudha huihusisha na mahangaiko 108 ya nafsi ya mwanadamu. Kila sujudu moja, ushanga mmoja hutungwa kwenye uzi, hadi mwishoni mtu anakuwa na mkufu wake wa shanga 108. Nilikaa nyuma kwenye mto wangu nikazitunga zangu bila kusujudu. Nimezoea tasbihi ya 99. Nilipofika ushanga wa mia vidole vikasita vyenyewe, havikujua kinachofuata, na mzee wa Kikorea aliyekaa kando yangu kwa sababu ya magoti yake mabovu akaniona, akatabasamu, akaninyooshea bakuli la shanga niendelee.

Kuhusu chakula, naomba msomaji aketi kwanza. Jiko la hekalu halina nyama wala samaki, na hilo mtu anaweza kulitarajia. Lakini pia halina kitunguu. Halina kitunguu maji, halina kitunguu saumu, wala majani ya ukoo huo wote, kwani yanasemekana kuamsha tamaa na hasira na kumvuruga anayetafakari. Sisi ambao kila sufuria yetu huanzia kwenye kitunguu kinachokaangwa, tunawezaje kufikiria mchuzi bila yeye? Nikakuta uyoga uliokaushwa juani, mizizi ya yungiyungi iliyochemshwa katika sosi ya soya, majani ya porini niliyoambiwa majina nikayasahau, na soya iliyochachuka miaka kadhaa ndani ya mitungi iliyopangwa uani. Kilikuwa chakula chenye ladha nyingi na sauti ndogo. Mtawa mwanamke aitwaye Jeong Kwan, anayeishi Cheonjinam katika hekalu la Baegyangsa, alionyeshwa mwaka 2017 katika mfululizo wa filamu za wapishi wa Netflix, na tangu hapo watu wanavuka bahari kwenda kula kwake. Hajawahi kufungua mgahawa. Anayetaka kuonja anakwenda hekaluni.

Mlo wa asubuhi ulikuwa wa bakuli nne zinazoingiana: la wali, la supu, la mboga, la maji. Unajipakulia unachokiweza, kwa sababu hakuna kubakiza hata punje. Kipande kimoja cha figili iliyochachushwa unakiweka kando tangu mwanzo. Ukimaliza kula, unamimina maji ya moto kwenye bakuli la wali, unakishika kile kipande cha figili kwa vijiti na kusugulia kuta za bakuli, unahamishia maji kwenye bakuli la pili, unasugua, la tatu, unasugua. Kisha unakula ile figili na unayanywa yale maji. Nilitazama maji yangu, yamegeuka rangi, yana mabaki ya ufuta yanaelea. Mbele yangu mtawa kijana alikuwa anayanywa ya kwake taratibu, macho chini. Nikanywa. Yalikuwa na ladha ya supu nyepesi iliyopoa. Bakuli likafutwa kwa kitambaa, likafungwa, na hapakuwa na kitu cha kupeleka kwenye beseni la vyombo.

Sasa, mtu anaweza kusema kwamba huu ni usumbufu, na kwamba ukaribisho wa kweli ungempa mgeni sahani na kumwacha alale hadi jua litoke. Kuna mahekalu yanayotoa nafasi kama hiyo, mapumziko tu bila ratiba, na watu wa Seoul waliochoka na kazi wanaipenda mno. Taasisi ya ustawi wa jamii ya Jogye imekuwa ikiwakutanisha hekaluni hata vijana wanaotafuta wachumba, na maombi yanazidi nafasi. Sina ubishi nayo. Lakini kwangu mimi, bakuli zile ndizo zilizokuwa karibisho lenyewe. Kunipa sahani ya hotelini kungekuwa kuniambia: wewe ni mgeni, kaa na ya kwenu. Kunipa bakuli nne na mtu wa kunionyesha kulikuwa kuniambia: tunaishi hivi, sogea.

Na kuna milango isiyofunguliwa kabisa. Mara mbili kwa mwaka, miezi mitatu ya kiangazi na miezi mitatu ya baridi, watawa wa tafakuri hujifungia kwenye kumbi zao wasitoke kiamboni. Hekalu lile nililolala lilikuwa na ukumbi kama huo, umetengwa kwa uzio wa mianzi na kibao kimoja kinachoomba ukimya. Wageni tulikuwa tunacheka upande huu, upande wa pili mtu ameketi siku ya arobaini bila kusema neno. Nimeona maeneo mengine ambako uzio wa namna hiyo ungeshatobolewa ili mtalii apate picha. Huko Haeinsa, ambako vimehifadhiwa vibao zaidi ya 81,000 vya mbao vilivyochongwa maandiko ya Kibudha katika karne ya 13, wageni kwa miaka mingi walichungulia kwa nje tu kupitia nafasi za madirisha. Tangu 2021 wameanza kuruhusiwa kuingia, lakini ni wikiendi, vikundi vidogo, waliojiandikisha mapema. Wajapani walikuwa wameshafika huko zamani zaidi: Saihoji ya Kyoto, hekalu mashuhuri kwa bustani yake ya kuvumwani, ule uoto laini wa kijani unaofunika mawe yenye unyevu, lilifunga lango kwa umma mwaka 1977 kwa sababu bustani na majirani walikuwa wamezidiwa. Aliyetaka kuingia alitakiwa kuandika kadi ya posta kuomba siku, na akifika aketi kwanza anakili maandiko kwa brashi ndipo aione bustani. Watu walilalamika. Kuvumwani ikapona.

Lipo ambalo sitalisifia. Mahekalu ya milimani bado ni magumu kwa mtu wa kiti cha magurudumu. Ngazi za mawe zisizolingana, vizingiti virefu vya mbao, kulala na kukaa sakafuni. Yule mzee wa magoti alipandishwa ngazi za mwisho akishikwa kwapani huku na huku, na uso wake ulionyesha kwamba hakupenda kubebwa mbele ya watu. Najua urithi wa miaka 1,000 hautobolewi ovyo. Lakini ubao wa mteremko unaowekwa na kuondolewa hauharibu jiwe, na kiti kimoja kifupi nyuma ya ukumbi hakimkasirishi Budha. Woljeongsa, kwenye mlima Odaesan, lina njia ya udongo ya karibu kilomita 1 chini ya misonobari mirefu, tambarare, ambako mzee na mtoto hutembea sawa. Kwa mtu wa magurudumu, njia kama ile ina maana kubwa kuliko picha 20 za ukutani.

Nifike sasa kwenye jambo lililowatia aibu, maana bila hilo habari ya ukaribisho wa Korea ingekuwa nusu.

Tangu 1962 sheria iliyaruhusu mahekalu yenye urithi wa taifa kutoza kiingilio. Baadaye milima hiyohiyo ikawa hifadhi za taifa, na ada ya hifadhi ikawa inakusanywa pamoja na ya hekalu, kwenye kibanda kimoja. Mwaka 2007 serikali ikafuta ada ya hifadhi. Vibanda vya mahekalu vikabaki. Na vibanda vyenyewe havikuwa mlangoni mwa hekalu. Vingi vilikuwa mbali chini, mwanzo wa njia ya kupandia mlima. Wakorea ni taifa la wapanda milima. Jumamosi asubuhi utawaona kwenye treni za Seoul wamevaa viatu vizito na mabegi mgongoni, wazee kwa vijana. Mtu anakwenda kileleni, hana nia ya kutia mguu hekaluni, anasimamishwa na kutozwa kiingilio cha hekalu. Kesi iliyojulikana kuliko zote ilikuwa ya Cheoneunsa, kwenye mlima Jirisan, ambako kibanda kilikaa juu ya barabara ya magari. Mwenye gari anayepita tu alilipa won 1,600, kama shilingi 3,000 za Tanzania. Fedha si nyingi. Hasira ilikuwa kubwa. Watu walikwenda mahakamani wakashinda, na hata hivyo kibanda kiliendelea hadi Aprili 2019 kilipoondolewa kwa makubaliano.

Oktoba 2021 mbunge mmoja akayafananisha mahekalu hayo na Kim Seon-dal. Huyo ni Abunuwasi wao, mjanja wa hadithi za kale aliyewauzia watu maji ya mto Daedong kana kwamba mto ni mali yake. Tusi lilichoma. Januari 2022 maelfu ya watawa walikusanyika Jogyesa, katikati ya Seoul, kupinga. Mbunge akaomba radhi, na wengi hawakuridhika.

Nimejaribu kusimama pande zote mbili. Mpanda mlima alikuwa na haki: ukaribisho unaoanza kwa kudaiwa kitu usichokiomba si ukaribisho, na mtu aliyetozwa kwa nguvu akipita karibu na hekalu haoni tena hekalu, anaona kibanda. Lakini watawa nao walikuwa na lao. Sehemu ya ardhi ile ni ya mahekalu tangu zamani, na serikali ilipoitangaza kuwa hifadhi haikuwauliza sana. Mapaa ya vigae yanavuja, mbao zinaliwa na wadudu, rangi za kuta zinataka mafundi wachache waliobaki. Na moto haungoji. Aprili 2005 moto wa msitu ulilikumba hekalu la Naksansa, pwani ya mashariki, na kengele yake ya shaba iliyosubiwa mwaka 1469 ikayeyuka ikawa donge. Machi 2025 moto mwingine ukateketeza sehemu kubwa ya Gounsa, hekalu lililoasisiwa mwaka 681. Ni nani alipie ulinzi? Anayesali pale, anayepita pale, au taifa zima linaloyaweka mahekalu hayo kwenye vitabu vya shule?

Sheria ikabadilishwa, na jibu likawa: taifa zima. Tangu tarehe 4 Mei 2023 mahekalu 65 ya Jogye yaliacha kutoza kiingilio, na serikali ikaanza kuyafidia kutoka kwenye bajeti. Bulguksa, lililokuwa linatoza mtu mzima won 6,000, likawa bure. Mimi naamini ulikuwa uamuzi sahihi, na ningependa wenye kumbukumbu za kale zetu, kuanzia Kilwa hadi Lamu, wautazame kwa karibu: walimwondolea mtu ugomvi wa mlangoni ili maelezo yapate nafasi ya kuanza.

Maana maelezo ndiyo yanayobaki. Chukua Tongdosa, mojawapo ya mahekalu 7 ya milimani yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Unaingia jumba lake kuu ukitegemea kuona sanamu ya Budha, na hakuna sanamu. Kuna mto mtupu na dirisha. Asiye na wa kumweleza hutoka akidhani jumba liko kwenye matengenezo. Akielezwa kwamba nje ya dirisha lile ipo madhabahu ya mawe inayoaminiwa kuhifadhi masalia ya Budha mwenyewe, na kwamba kwa sababu hiyo hawakuona haja ya sanamu, dirisha tupu linajaa. Huko Chiang Mai, Thailand, hekalu la Wat Chedi Luang limelirahisisha jambo hili kupita wote: watawa vijana huketi kwenye meza chini ya mti na mgeni anakaribishwa kuuliza chochote. Mtawa anajifunza Kiingereza, mgeni anajifunza Ubudha, hakuna anayemfanyia mwenzake hisani.

Nilimfikiria mtawa huyo wa chini ya mti nilipokumbuka Dar es Salaam. Pale Upanga kuna hekalu la Wabudha, lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka zaidi ya miaka 100 iliyopita, lina mti wake mtakatifu wa bodhi. Nimepita nje ya ukuta wake miaka mingi, mara nyingine nikiwa na haraka ya daladala, na sikuwahi hata kujiuliza ni jengo la nani. Hakuna aliyenizuia kuingia.

Siku ya kuondoka nilishuka kwa miguu na yule mzee wa magoti, hatua kwa hatua, yeye na fimbo yake, mimi na mkufu wangu wa shanga 108. Chini ya mlima tukakuta kibanda cha zamani cha kiingilio. Vingi vya vibanda hivi havikubomolewa. Vilibadilishwa jina vikawa vituo vya maelezo ya urithi wa Kibudha. Kioo ni kilekile, na chini yake lile tundu la nusu duara la kupitishia pesa bado lipo, kingo zake zimelainishwa na mikono ya miaka mingi. Tulipokaribia nikaingiza mkono mfukoni kwa mazoea. Mwanamke aliyekuwa ndani akatikisa kichwa. Kupitia tundu lile akasukuma nje ramani ya mlima, halafu, alipomtazama mzee anavyohema, akasukuma na kikombe cha chai ya shayiri.